Kibarua wa Kuosha Magari

Asubuhi, wenye matatu na teksi wa Kalimoni, wadi iliyo katika eneobunge la Juja, wanataka magari yao yang'ae kabla ya kuingia barabara kuu ya Thika. Kijana mmoja ameshika mpira wa maji, mwingine anapaka povu, wa tatu ameinama ndani akisugua viti. Jioni, vibarua wengi wa namna hii hulipwa kwa idadi ya magari waliyoosha.

Mwenye biashara huupenda mpango huo, maana siku ya mvua wateja wakipotea hadaiwi mshahara. Kasoro yake ni kwamba anayelipwa kwa gari hukimbilia gari linalofuata, na matope hubaki kwenye bawaba za milango.

Sheria nayo haijalala.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 37, inamtambua kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja au zaidi kuwa mwajiriwa wa mwezi, hata kama hakuna karatasi iliyotiwa saini. Anastahili kupewa notisi kabla ya kuachishwa kazi, na siku moja ya mapumziko katika kila siku saba.

Je, akikwaruza rangi ya gari la mteja? Mwajiri anaruhusiwa kumkata kiasi cha haki pale tu uharibifu ulipokuwa wa kukusudia. Ajali ya kawaida humwangukia mwenye biashara. Kwa hiyo mwajiri makini humfunza kibarua mgeni siku ya kwanza kutenga vitambaa: cha rimu hakigusi bodi, kwani vumbi la breki huchora rangi.