Tunamfagilia Nani?

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Msemo huu tumeusikia tangu tukiwa watoto, na siku hizi watu wa utalii nao wameudaka, wanautia kwenye mabango na kwenye hotuba. Mgeni aje na fedha zake, mwenyeji apone njaa. Sawa. Mimi sina ugomvi na mgeni. Mtu wa pwani asiyejua kukaribisha mgeni huyo ana walakini. Ila kuna swali moja ambalo naona tunalipitapita kila siku kama vile halipo, na leo nataka, ndugu msomaji, tulikalie kitako. Ufuko unapofagiliwa asubuhi, unafagiliwa kwa ajili ya nani?

Vijana wa mjini wana neno lao. Mtu akikwambia "nakufagilia" hana ufagio mkononi. Anakusifu, anakukubali. Aliyelibuni neno hili alikuwa na jicho, maana kufagia ni heshima tunayompa mtu. Bibi akisikia mgeni yuko njiani atashika fagio lake la chelewa, atainama, barazani patakuwa peupe kabla mgeni hajapiga hodi. Na zile taka je? Zimekwenda uani. Uani mgeni hafiki.

Sasa uichukue nyumba hiyo uikuze iwe pwani nzima. Mbele ya hoteli nyingi za kitalii, kabla wageni hawajaamka, vijana wameshapita na reki. Mchanga umechorwa mistari kama daftari jipya. Chupa iliyoletwa na maji usiku haipo, mfuko haupo, ndala iliyokatika mkanda haipo. Halafu piga hatua mia mbili, ufike kwenye diko la wavuvi, mahali samaki wanaposhushwa na kunadiwa. Hapo reki haijafika. Na ukiwa mdadisi zaidi, ulifuate lile gari au mkokoteni uliobeba mifuko ya taka ya hoteli, mara nyingi utafika kwenye shimo au jaa pembeni mwa makazi ya watu, moshi unapaa, watoto wanacheza. Ndiyo uani penyewe hapo.

Rafiki yangu mmoja, mbishi kweli kweli, nilipomweleza haya tukinywa kahawa alinicheka. "Wewe bwana unatafuta makuu," akasema. "Chupa imeokotwa au haijaokotwa? Imeokotwa. Sasa nia ya mwokotaji inakuhusu nini? Kasa anajali nia?"

Hoja yake nzito, lazima nikiri. Kasa hana habari na nia za watu. Yeye anaona kitu cheupe kinaelea, laini, kinacheza na maji, anadhani ni yavuyavu, chakula chake, anameza. Kumbe mfuko. Mfuko ule ukiwa umeondolewa na mtawa au na meneja anayehofia wageni wake wasilalamike, kwa kasa ni mamoja. Kwa hiyo sisemi kwamba tendo jema lenye nia ya biashara si tendo. Ningekuwa mpumbavu.

Lakini rafiki yangu amesahau jambo moja. Nia haibadilishi chupa iliyokwisha kuokotwa, ila nia ndiyo inayoamua ufagio uishie wapi. Anayefagia kwa ajili ya jicho la mgeni atafagia hadi pale jicho la mgeni linapokoma, hata hatua moja haongezi. Msimu wa watalii ukiisha, ufagio unatundikwa. Anayefagia kwa sababu anaishi hapo, hana mahali pa kukomea. Basi tusije tukadanganyana kwamba hawa wawili wanafanya kazi ile ile.

Hata sheria zetu zimeandikwa kwa nia hizi mbili, ukizitazama vizuri. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu mwaka 2006. Kenya ikafuata tarehe 28 Agosti 2017, kwa adhabu ambayo haikuwa mchezo: faini hadi shilingi milioni 4 au kifungo hadi miaka 4. Tanzania Bara nayo ikaja tarehe 1 Juni 2019. Sheria hizi hazikuchagua. Mama muuza nyanya akarudia kapu, mwenye duka akatafuta mifuko mbadala, na mgeni akatangaziwa kwamba mifuko yake ataiacha uwanja wa ndege. Hapo napiga makofi. Mwenyeji ameweka masharti ya nyumba yake, na masharti yanamhusu kila aliyemo.

Tarehe 5 Juni 2020 Kenya ikaongeza amri nyingine: chupa za plastiki, vikombe, sahani na mirija ya kutumia mara moja vikakatazwa ndani ya hifadhi za taifa, misitu na fukwe zinazolindwa. Amri nzuri, wanyama wameipata nafuu. Lakini mbona mpaka wake uko pale pale? Chupa ni dhambi langoni mwa hifadhi, na sokoni ni halali. Mtu atasema lazima tuanze mahali fulani. Kweli. Ila sadfa gani hii, mahali pa kuanzia pakawa ni pale mgeni anapokwenda na kamera?

Na uani nako kuna viumbe. Nenda Lamu. Mji ule wa kale, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, vichochoro vyake ni vyembamba, mzigo unabebwa na punda. Punda ndiye lori, ndiye mkokoteni, ndiye anayebeba mchanga na mawe ya kujengea nyumba za wageni. Jioni akifunguliwa anakwenda kutafuta chakula anakojua, vichochoroni na jaani. Anakula ganda la ndizi pamoja na mfuko uliofungia ganda la ndizi. Tumbo linaziba, linaumuka, mnyama anagaagaa, na wengine wanakufa. Ipo zahanati ya punda pale mjini, na waganga wake wanayajua maumivu haya vizuri. Punda akifa, mwenyewe amepoteza mtaji wa nyumba nzima. Mgeni amepiga picha ya punda huyo asubuhi, amempenda sana. Hajui alichokula jana.

Lakini Lamu hiyo hiyo imenipa mfano mwingine, na kwa mfano huu moyo wangu unapata raha. Mafundi wakiongozwa na fundi wa majahazi Ali Skanda waliunda chombo kwa plastiki iliyookotwa fukweni na mijini. Waliyeyusha plastiki, wakamimina mkuku, mataruma na mbao, kisha wakaichonga na kuiunga kwa maarifa yale yale waliyorithi ya kuunda vyombo vya mti. Ubavuni wakakivika ndala kuukuu zipatazo 30,000, za rangi zote, kikang'aa kama kanga ya harusi. Kikapewa jina Flipflopi. Kilishushwa majini Septemba 2018, na mwanzoni mwa 2019 kikasafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar, safari ya kilomita kama 500, kikitia nanga njiani watu wakakusanyika, wakajadiliana habari ya taka. Mwaka 2021 kikaonekana Ziwa Victoria.

Wapo waliosema ni maonyesho tu, jahazi moja litapunguza taka ngapi? Hawakuona kitu. Uzuri wa jahazi lile si tani zake. Ni kwamba kwa mara moja taka haikupelekwa uani. Imeletwa sebuleni, ikavikwa rangi, mgeni akaambiwa keti uitazame, hii ndiyo hali yetu, na baadhi ya ndala hizi huenda ni zako.

Maana taka ya bahari haina hati ya kuzaliwa. Mwaka 2019 watu wa kujitolea kutoka Shelisheli na Uingereza walikaa wiki tano katika kisiwa cha Aldabra wakiokota. Aldabra hakuna kijiji, hakuna soko, hakuna hoteli. Wapo walinzi na watafiti wachache, na makobe wakubwa zaidi ya 100,000. Walitoa tani 25 za taka. Watafiti walipopiga hesabu wakakadiria zimebaki tani kama 500. Sehemu kubwa ya uzito ni nyavu na kamba za uvuvi, na ndala zilizobaki zilikadiriwa kupita 300,000. Kobe havai ndala! Mwenye taka pale hakuwa mwenyeji wala mgeni wa Aldabra. Alikuwa mtu wa mbali ambaye uani mwake ni bahari.

Nimekipenda kisa cha Aldabra kwa sababu ni kipimo. Pale hakuna wa kufagiliwa. Hakuna jicho. Waliinama wiki tano kwa ajili ya kobe ambaye hatawashukuru. Hapo hata rafiki yangu mbishi alinyamaza kidogo, akaagiza kahawa nyingine.

Turudi kwa mgeni wetu. Wahenga hawakuishia kumkaribisha. Walisema pia, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi naona huu ndio utalii unaojali mazingira kwa maneno machache kuliko kitabu chochote. Kisiwa cha Chumbe, karibu na Unguja, kimejaribu. Miamba yake ya matumbawe ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1994, na nyumba za wageni zilizojengwa pale ni saba tu. Maji ni ya mvua iliyokingwa paani, umeme ni wa jua, choo hakina maji ya kuvuta bali kinageuza uchafu kuwa mbolea. Mgeni asiyetaka masharti hayo atafute kwingine. Wavuvi wa zamani wamekuwa walinzi, na fedha za mgeni zinasaidia kuwapeleka watoto wa shule wakaone matumbawe yao wenyewe. Kulala pale si kwa mfuko wa kijana kama mimi, na hilo linanikera kidogo, lakini mpango wenyewe nauheshimu.

Kwingineko jembe limegeuka kuwa mchezo. Mgeni anapewa glavu, anapewa gunia, anaokota nusu saa, anapigwa picha, anarudi mezani, na mezani anawekewa chupa ya maji. Hebu tuseme anakunywa chupa mbili za nusu lita kwa siku. Kwa wiki mbili ni chupa 28. Kule kijijini bibi anakunywa maji ya mtungini kwa kata, na yeye ndiye anayeitiwa semina ya kuelimishwa juu ya plastiki. Sisemi sisi ni malaika. Tunatupa, tena tunatupa kupitia dirisha la daladala bila haya. Viroba vya pombe vilipopigwa marufuku Tanzania mwezi Machi 2017, mitaro yetu ilikuwa imejaa vifuko vyake, wala si watalii waliovinywa. Lakini wa kuelimishwa kwanza ni yupi, yule wa kata au yule wa chupa 28?

Na aliyeshika jembe kwa kweli humuoni kwenye picha. Watamu na sehemu nyingine za pwani wapo akina mama na vijana wanaookota kwa ujira, wanatenganisha, wanapima, wanauza. Chupa tupu ya nusu lita ni nyepesi mno, gramu 20 hazifiki nyingine. Ili apate kilo moja anahitaji chupa 50 na zaidi. Ainame mara hamsini juani, kwa kilo moja, na bei ya plastiki chakavu haipangi yeye. Ikishuka, anaacha, anakwenda kupasua kokoto au kuuza maandazi, kwa sababu watoto hawali usafi wa mazingira. Chupa zinabaki pale pale. Hoteli zinazochangia ujira huo ili usitegemee bei ya soko zinafanya jambo kubwa kuliko zinazogawa fulana.

Natamani siku moja mgeni anayejiita mpenda mazingira afike mapokezi, na kabla hajauliza kama chumba kina feni, amuulize karani: hapa kwenu, anayeokota kilo moja analipwa shilingi ngapi?