Maisha Thelathini

Sisi tuliokulia Sinza tunakumbuka vibanda vya gemu vilivyoenea baada ya televisheni kuanza Tanzania Bara mwaka 1994. Tuliopenda kuliko yote ni mchezo wa Contra, uliotolewa na Konami kwa mashine za nyumbani mwaka 1988. Mchezaji hupewa maisha matatu. Lakini akibonyeza juu mara mbili, chini mara mbili, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A, kisha kuanza, hupata thelathini!

Kibandani petu mtu alilipa acheze hadi afe. Je, mwenye kuijua siri hiyo alimdhulumu mtu? Wako waliosema hapana, kwani siri imo ndani ya mchezo wenyewe. Ni kweli: Kazuhisa Hashimoto aliitia kwanza katika Gradius, mwaka 1986, maana kuujaribu kulimshinda. Hoja hiyo twaiona ni nusu tu. Fundi alikuwa kazini mwake, na achezaye nyumbani kwake hana deni. Kibandani kulikuwa na foleni. Mwenye kibanda pengine angecheka tu. Lakini watoto wale, shilingi mkononi, waliitwa nyumbani magharibi kabla ya zamu yao.