Adabu za Kumuuguza Mama na Kumkumbuka

Mtu akiugua miaka mingi, ugonjwa humpokonya jina. Mtaani ataitwa "yule mama mwenye kisukari", na watoto wake nao, bila kukusudia, wataanza kumsema kana kwamba hayupo. Wewe mwenye mama wa namna hiyo, linda kwanza heshima yake ya kuwa mwenye nyumba. Ng'ombe akitaka kuuzwa, aulizwe. Washenga wakija, wapokewe mbele yake, hata kama ni lazima wakae chumbani kwenye vigoda. Mama yangu alipofushwa na kisukari, lakini kutoka kitandani alijua kwa harufu tu kwamba mtori umeanza kushika sufuria, naye aligonga ukuta kwa fimbo mpaka mpishi ashtuke. Tulimwacha agonge. Jiko lilikuwa lake.

Mwanangu, ukienda kumjulia hali mgonjwa, salamu ianzie kwake, si kwa wanaomuuguza. Kama ni Mkatoliki mwenzako, mwambie "Tumsifu Yesu Kristo" na umsubiri aitikie "Milele na milele, amina", hata kama pumzi inamchelewesha. Keti, usimsimamie. Usimuulize binti yake "Amekula leo?" ilhali mwenyewe anakusikia. Usimletee habari za shangazi yako aliyekufa kwa maradhi hayohayo. Na ukiona anageukia ukutani, aga.

Lipo jambo la dawa, na hapa nitasema bila kuuma maneno. Wakazi wa Arusha hatujasahau mwaka 2011, misururu ya magari ilipoelekea Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, aliyetoa kikombe cha dawa ya mitishamba kwa shilingi 500. Wapo waliokunywa wakaacha dawa za hospitali. Simlaumu mgonjwa aliyepanda gari. Aliyechoka kuumwa hushika chochote. Wa kulaumiwa ni mzima anayefika kitandani na chupa isiyo na jina, amnong'oneze mgonjwa aache sindano. Mtu wa namna hiyo mpe chai, kisha msindikize hadi barabarani.

Padri au mhudumu akileta Komunyo, andaa mapema: meza ndogo, kitambaa cheupe, mshumaa, msalaba. Zima televisheni, na mbwa afungwe. Mpako wa Wagonjwa nao usiungoje mpaka mgonjwa apoteze fahamu. Tangu utaratibu wake ulipofanywa upya mwaka 1972, Kanisa linafundisha wazi kwamba ni kwa kila aliye katika ugonjwa mzito, tena unaweza kurudiwa hali ikizidi. Wapo wanaoogopa kumwita padri wakidhani mama ataona anaagwa. Muulize yeye. Mara nyingi alikwisha kumtaka siku nyingi, akanyamaza ili asiwatishe ninyi.

Kazi ya kila siku haina nyimbo. Mgeuze asipate vidonda vya mgongo. Mwenye kisukari mkague nyayo, hata katikati ya vidole. Juni na Julai, ukungu wa Meru unaposhuka hadi Ilboru na Sanawari, mwongezee blanketi, lakini jiko la mkaa lisilale ndani ya chumba kilichofungwa. Linaua usingizini. Na mzigo huo usimwachie dada mmoja ambaye hajaolewa, huku kaka zake wakituma pesa kwa simu na kujiona wamemaliza. Jumuiya ikija kusali rozari, wengine waimbe, wengine waulize ndoo za kufulia ziko wapi.

Siku ya mazishi kuna adabu nyingine inayosahaulika, nayo ni ya wasifu wa marehemu. Tumezoea kusoma orodha ya hospitali: alianza kuugua mwaka fulani, akapelekwa Mount Meru, akahamishiwa KCMC, akarudishwa. Mwanamke aliyelea ukoo mzima anazikwa kwa maneno ya cheti cha daktari. Ugonjwa upe sentensi moja. Zilizobaki zieleze alivyopatanisha mashemeji, alivyouza ndizi soko la Tengeru, alivyocheka.

Wala usiseme hakunung'unika kamwe, kama alinung'unika. Kanisa kuu la Arusha lina jina la Mtakatifu Theresia wa Mtoto Yesu, aliyekufa kwa kifua kikuu mwaka 1897 akiwa na miaka 24. Na yeye mwenyewe, katika ugonjwa ule, alikiri kwamba imani yake imeingia gizani. Kama mtakatifu alisema hivyo, mama yako aliyekataa rozari usiku mmoja kwa maumivu hana la kufichiwa. Sifa ya uongo humfanya mgonjwa mwingine, aliyekaa pale msibani akisikiliza, ajione dhaifu.

Baada ya matanga, andikisha nia ya Misa, na kati ya tarehe 1 na 8 Novemba nenda makaburini ukamwombee. Siku hizo Kanisa limeziwekea rehema kamili kwa ajili ya marehemu. Kisha tafuta madeni yake. Anayeugua muda mrefu hukopa dukani na kwenye kikoba, na huahidi vitu ambavyo hajawaambia watoto. Muulize mwenyekiti wa jumuiya, muulize mhazini wa WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki. Sisi tuliambiwa kwamba mama aliahidi saruji ya kujengea kigango. Ndugu walikuwa wameshachanga pesa za vigae vya kaburi. Tulinunua saruji kwanza, vigae vikasubiri.