Kazi Kubwa ya Bastola

Ndugu zangu wakisikia kwamba huku Marekani najifunza kuunda bastola kutokana na vipuri, swali lao la kwanza huwa ni kama polisi wanajua. Siwalaumu. Kwetu Tanzania, bunduki iliyotengenezwa na fundi wa kijijini ni gobore, na gobore tumezoea kulisikia kwenye habari za majangili. Huku ni ufundi wenye shule zake. Chuo kimoja cha mji wa Trinidad, Colorado, kinaufundisha tangu 1947, na wako wastaafu wanaoufanya katika gereji zao kwa mapenzi tu.

Sheria nayo ina macho. Kwa sheria ya shirikisho ya 1968, silaha yenyewe ni fremu, kile kipande cha chini kinachobeba vingine vyote. Mtutu, nyundo na springi huletwa na posta hadi mlangoni. Fremu mpya ya kiwandani, yenye namba yake, sharti uichukue kwa muuzaji mwenye leseni: unajaza fomu, unaonyesha kitambulisho, rekodi yako inakaguliwa. Yako majimbo yanayodai zaidi ya hayo.

Wanaojifunza wengi hupenda kuanzia bastola ya 1911, kazi ya John Moses Browning, mtoto wa fundi bunduki wa Ogden, Utah. Kabla ya kuikubali mwaka huo wa 1911, jeshi la Marekani liliijaribu kwa risasi 6,000. Ilipopata moto ilitumbukizwa majini, ikaendelea. Ilibaki bastola rasmi ya jeshi hilo hadi 1985. Muundo wa zamani kiasi hicho ungedhani vipuri vyake vinakaa vyenyewe. Wazo la vipuri vinavyobadilishana lilikuzwa sana na mafundi bunduki: mwaka 1785 Thomas Jefferson, akiwa balozi wa Marekani Paris, alipewa vipande vya mitambo ya bunduki ya fundi Honoré Blanc, akaviokota ovyo na kuviunganisha kwa mkono wake, vikakaa. Lakini bastola ya vitani iliachiwa nafasi ndani ili kila kipuri kiingie. Anayeunda ya kwake anataka vibane, kwa hiyo hununua vipuri vilivyoachiwa nyama kidogo, na hiyo nyama inaondolewa kwa tupa.

Hapo ndipo siku zinapokwenda. Unapaka kipande wino wa buluu, unakitia mahali pake, unakitoa. Palipogusana, wino umefutika, pameachwa doa linalong'aa, dogo kuliko punje ya mchele. Unapitisha tupa pale tu, unapaka wino upya, unarudia. Chuma kilichotoka hakirudi. Mzee anayenifundisha hasemi sana. Akiona mkono wangu unaharakisha, huiweka tupa kando na kunituma nikanywe maji.

Nilidhani ugumu wote ungekuwa kwenye kuifanya ipige. Kumbe kuipigisha si kazi kubwa. Kazi kubwa ni kuifanya isipige. Browning aliongezewa kazi hiyo na jeshi lenyewe: askari wa farasi walitaka bastola ambayo mtu anaweza kuituliza kwa mkono mmoja huku mnyama anaruka chini yake, na ambayo ikimponyoka isifyatuke. Ndiyo maana ina kizuizi cha dole gumba, na kingine nyuma ya mpini kinachoachia pale tu kiganja kinapoushika. Tupa yangu nimeitumia zaidi kwenye hivyo viwili kuliko kwenye mtutu.

Majaribio ya vizuizi hivyo nayapenda kuliko uwanja wa shabaha. Risasi haziingii kabisa chumba tunachofanyia kazi. Bastola tupu, nyundo imerudishwa, kizuizi kimepandishwa, unavuta kifyatulio kwa nguvu, nyundo isitoke. Unaachia, unashusha kizuizi, kisha unaivuta nyundo nyuma kidogo tu huku umetega sikio. Ukisikia mlio, hata mdogo kama wa kucha, kuna kitu kimesogea ndani, na kazi haijaisha. Mzee huinamisha kichwa akasikiliza na yeye, tena bila kukosa, ingawa angeweza kuniamini.

Kwa miaka mingi bastola hulala tu. Ile risasi moja inayotoka ndiyo tunayoihadithia, lakini ubora wa fundi umo katika zile siku zote ambazo haikutoka. Naamini hili kwa moyo wote, na limenifanya nisivumilie hata kidogo watu wanaoichomoa bastola kuwaonyesha wageni sebuleni.

Ila kizuizi cha dole gumba hakimzuii mwenye dole hilo. Zaidi ya nusu ya vifo vya risasi Marekani ni vya watu kujiua, na hapo hakuna tupa itakayosaidia. Kabla sijaagiza kipuri chochote, mzee aliniuliza nyumbani naishi na nani, nani anaumwa, nani ana huzuni, watoto wa jirani huingia hadi wapi. Nilimjibu yote. Akaniambia ninunue kabati la chuma la kufunga kwanza, ufunguo ukae na mtu mmoja, vipuri baadaye. Nimefanya hivyo, na mtu yeyote atakayeniomba nimfundishe, nitaanza naye hapo kwenye kabati.