Njia ya Kazini ni Deni la Nani?

Wahenga walinena: mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Methali hii twaifundisha kila mwaka, na wanafunzi huishika bila taabu. Lakini imesimama juu ya jambo ambalo mara nyingi hatulitaji, yaani kwamba kwenda hakuna gharama. Je, aendaye kwa kulipa, kisha akarejea mikono mitupu, ana nafuu gani kuliko mkaa bure?

Tulipime swali hili kwa hali ya Kabingo, makao makuu ya wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi ya Uganda. Katika wilaya hiyo yamo makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyofunguliwa mwaka 1958. Humo wanaishi Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wengineo, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowaunganisha. Wengine hulima, lakini ardhi haitoshi wote. Hivyo atafutaye kibarua cha ujenzi, cha kufua nguo au cha kubeba mizigo huelekea Kabingo, au mbali zaidi, Mbarara mjini. Hupanda bodaboda hadi barabarani, kisha gari la abiria. Na jioni hulipa tena.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Kibarua alipwaye shilingi 10,000 kwa siku, akitoa 3,000 kwenda na 3,000 kurudi, amebakiwa na 4,000. Ikiwa kazi yake ni ya saa kumi, sita za mwanzo amelipia njia. Nne tu ndizo alizowafanyia watoto wake. Na siku asipopata kazi, amenunua njaa kwa fedha taslimu.

Wapo wasemao kwamba nauli ni shauri la mfanyakazi mwenyewe: aonaye ni mbali, na ahamie karibu. Hoja hii ingekuwa na uzito kama kila mtu angejichagulia makao. Mkimbizi hakuuchagua umbali wake; alipangiwa. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa haki ya kutembea nchini na ya kufanya kazi, nayo yastahili kusifiwa. Hata hivyo, haki ya kwenda bila uwezo wa kwenda ni kama chungu kizuri kisicho na unga. Wala mwenyeji maskini wa Isingiro hana tofauti kubwa: kodi za nyumba za mjini ndizo zinazompangia mahali pa kukaa.

Wala tusimtwike lawama dereva. Uganda haina bahari. Mafuta yake hupita nchi za jirani, na bei ikipanda huko, naye hupandisha.

Historia yatufunza kwamba jambo hili laweza kuamuliwa vingine. Mwezi Januari 1957, huko Alexandra, Afrika Kusini, nauli ya basi ilipandishwa kutoka peni nne hadi peni tano. Maelfu ya wafanyakazi wakakataa kupanda, wakawa wanakwenda Johannesburg kwa miguu, kiasi cha kilomita 15 kwenda na 15 kurudi, kwa muda wa miezi. Asiyeijua hesabu ya maskini angesema waligombea peni moja. Mwishowe abiria walirudia peni zao nne, na waajiri wakatozwa zaidi ili kufidia pengo. Hata utawala ule wa ubaguzi ulilazimika kukiri kwamba safari ya kazini ni sehemu ya kazi.

Basi rai yetu ni hii: njia ni deni la yule anayefaidika na mwisho wa njia, na la yule aliyeuweka umbali. Mwajiri aihesabu nauli anapopatana ujira. Wenye mamlaka wauhesabu umbali wanapogawa makazi.

Nasi walimu tusijitoe. Tunapoita mkutano Mbarara na kutangaza kwamba kuingia ni bure, tumwulize kwanza mwenzetu wa Nakivale atafikaje. Kama hatukumwuliza, kiti chake kikabaki kitupu, tusiandike katika kumbukumbu zetu kwamba hakupenda kuja.