RANGI YA NJE NA KUTU YA NDANI

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeyafanya maji kuwa uhai wa viumbe na twahara ya wenye kuabudu. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na Aali zake na Sahaba zake. Amma baad:

Ndugu zetu Waislamu, jambo tulitakalo kulizungumza leo ni tangi la maji. Huenda msomaji akastaajabu akasema: "Gazeti la dini lina nini na matangi? Hiyo si kazi ya mafundi?" Twamwomba asubiri kidogo, kwani ndani ya tangi mna suali la dini ambalo wengi wetu tumelikosea, na mwenye kuandika maneno haya ni mmoja katika waliokosea.

Katika msikiti mmoja wa mji wetu wa Mombasa, ambao hapana haja ya kuutaja, liko tangi la chuma lililowekwa juu ya nguzo na mfadhili mmoja, Mungu amjaze kheri. Mwezi wa Ramadhani ulipokaribia, kamati ilikuwa na fedha kidogo za matengenezo, nami nilikuwa mmoja wa wajumbe wake. Fundi akatwambia: "Masheikh, fedha hizi zatosha jambo moja tu: ama kulipaka tangi rangi kwa nje, ama kulimwaga, kulisafisha na kulikwangua kutu kwa ndani." Tukachagua nje. Tulisema kuwa Ramadhani wageni ni wengi, na kuwa jina la mfadhili limekwisha chujuka. Tangi likapakwa rangi ya kijani, jina likaandikwa upya, na kila apitaye akasifu.

Baada ya Idi koki ikakwama, na fundi akapanda kutazama. Alipofunua mfuniko aliona kutu imebambuka kama magamba ya samaki, matope ya shubiri nzima chini, na njiwa aliyekufa. Maji yale ndiyo watu waliyofuturia mwezi mzima.

Tulipokutana, mjumbe mmoja akasema: "Hapana neno. Maji haya yamezidi kullateni, wala hayakubadilika rangi, wala ladha, wala harufu. Basi ni twahiri." Macho yote yakanigeukia mimi, nami nikanyamaza, kwani kwa hukumu ya madhehebu yetu ya Shafi alisema kweli. Kullateni ni kiasi cha lita 200 au zaidi kidogo, na tangi lile lachukua maradufu ya hayo. Ndipo yule fundi, naye ni mtu asiyesoma vitabu, akateka kikombe akanipa mkononi, akasema: "Basi, Sheikh, tafadhali kunywa." Sikunywa. Nilikirudisha kikombe chake, na tangu siku ile suali lake halijaniondoka moyoni.

Je, yatosha maji kuwa twahiri?

Jawabu ni kuwa hukumu ya kullateni yajibu suali moja, nalo ni hili: je, udhu wa mtu huyu wasihi, na sala yake yajuzu? Haijibu suali la pili: je, yafaa kumpa maji haya mtoto wa Kiislamu ayanywe? Hayo ni mambo mawili, na mwenye kuyachanganya ameitwika fikihi mzigo isioubeba. Wanazuoni wetu wenyewe wamefundisha kuwa sumu itokayo katika mti ni twahiri, mtu akiiguza hanajisiki. Lakini kuila ni haramu, kwa sababu yadhuru. Na msingi mkubwa wa sheria yetu ni kuwa haifai kujidhuru wala kudhuru wengine. Basi vipi tuichukue hukumu iliyowekwa ili kuwafanyia watu wepesi katika ibada, tuigeuze pazia la kufunikia uvivu wetu?

Wala madhara haya si ya kudhaniwa. Mwaka 1993, katika mji mdogo wa Gideon, jimbo la Missouri huko Marekani, njiwa waliingia katika tangi la maji ya mji. Katika mji wenye watu wapatao 1,100, waliougua walizidi 600, na wazee 7 wakafariki. Na mwaka 2008, katika mji wa Alamosa, jimbo la Colorado, maji yalitoka katika visima virefu yakiwa safi mno, hata watu wakaona hapana haja ya kuyatia dawa. Lakini yaliwekwa katika tangi lenye nyufa na matundu, uchafu wa wanyama ukaingia, wakaugua mamia ya watu na mmoja akafa. Chemchemi haikukosa kitu. Aliyekosa ni mwenye kuhifadhi.

Na sisi tufikiri. Sehemu ya maji ya Mombasa yatoka Mzima, ambako hububujika safi baada ya kuchujwa na mawe ya vilima vya Chyulu, kisha husafiri katika bomba zaidi ya kilomita 200 mpaka kutufikia. Je, yafae nini masafa yote hayo, ikiwa mwisho wake ni kulala juu ya njiwa mfu? Mtu akisema: "Maji ya mji yametiwa dawa ya klorini," tutamjibu kuwa dawa hiyo hupungua nguvu kila maji yakaapo, na matope na kutu huimaliza upesi zaidi.

Amma kazi ya ndani, nayo yataka kujulikana, kwani wengi hudhani ni kupitisha brashi tu. Tangi humwagwa maji yote, matope yakatolewa, kisha kutu hukwanguliwa mpaka chuma kionekane. Hupakwa rangi iliyotengenezwa makusudi kwa maji ya kunywa, si rangi yoyote ya dukani. Zamani watu walikuwa wakipaka rangi yenye madini ya risasi, nayo ni sumu. Rangi huachwa ikakauka barabara, kisha tangi huoshwa kwa klorini, na maji hupimwa kabla ya kunywewa. Na mfanya kazi hiyo huwa ndani ya chombo kilichofungika, penye giza na moshi wa rangi uwezao kumzimisha mtu, akaangaliwa na mwenziwe aliye mlangoni. Hapana apitaye njiani akamwona, wala jina lake haliandikwi ubavuni.

Hatusemi kuwa rangi ya nje ni upuuzi. Hewa yetu ya bahari ina chumvi, na chuma kisichopakwa rangi huliwa kikaisha. Wala kupenda nyumba ya Mungu ipendeze si dhambi. Kosa letu lilikuwa katika kutanguliza: tulitanguliza kionekanacho na macho ya watu, tukaakhirisha kinywewacho na matumbo yao. Na mtu akijiuliza kwa nini alitanguliza hivyo, akajijibu kwa kweli, hataikosa chembe ya riya.

Sheria ya wakfu ilikwisha tufundisha utaratibu tangu zamani. Wanazuoni wamesema kuwa pato la wakfu hutumiwa kwanza katika kuutengeneza wakfu wenyewe, kabla ya wenye kufaidika kugawiwa chochote. Maana yake ni kuwa matengenezo si ziada ifanywayo fedha zikibaki. Ndiyo haki ya kwanza.

Tutazame pia historia yetu. Bibi Zubeida, mke wa Khalifa Haruni Rashidi, aliyefariki mwaka 831, aliwapatia maji watu wa Makka na mahujaji, na jina lake latajwa hata leo. Lakini mifereji ile iliharibika na kuzibika mara nyingi, ikatengenezwa tena na tena. Katika karne ya 16 Mihrimah, binti wa Sultani Suleiman wa Kituruki, alitoa mali yake ili maji hayo yafike Makka. Na baina ya mabibi wawili hawa, ni watu wangapi waliozibua, waliochimbua na waliotia chokaa, wasiojulikana na yeyote ila Mola wao? Haji aliyekunywa miaka 500 baada ya Zubeida alikunywa kwa sadaka yake, na kwa mikono ya hao pia. Sadaka yenye kuendelea haiendelei peke yake. Huendelezwa.

Basi twawanasihi ndugu zetu, na tunaanza na nafsi zetu. Kila kamati ya msikiti na madrasa iandike siku ambayo tangi lilisafishwa ndani, na siku litakaposafishwa tena, na karatasi hiyo ibandikwe mahali ionekane. Mfuniko ufungwe barabara, na tundu la hewa litiwe wavu. Mfadhili atakaye kujenga aombwe aache na fungu la kutengenezea, japo ajenge dogo zaidi. Na wenye kusimamia matangi makubwa ya mji tuwaulize habari za ndani yake kwa adabu, na wakifanya vyema tuwashukuru, kwani mtu asiyeshukuriwa kwa kazi isiyoonekana huchoka akaiacha. Na kila mwenye tangi juu ya dari yake apande akatazame kabla ya kumuuliza mwengine.

Ama tangi letu, tulilimwaga mwezi ule ule, tukachangishana kwa mikono yetu, na likakwanguliwa na kupakwa ndani. Kazi ilipokwisha na maji yakapimwa, fundi aliteka kikombe tena akaninyoshea. Safari hii nilikunywa, nikamtaka radhi mbele ya watu, naye akasamehe.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atutengenezee ndani yetu kabla ya nje yetu, na asitujaalie miongoni mwa wanaopendeza machoni mwa watu hali wamebeba mzoga moyoni. Amin.