Amana Iliyo Mkononi mwa Kiongozi

Mpelelezi wa Kiingereza John Hanning Speke alipofika Karagwe, katika mkoa wa leo wa Kagera, mwaka 1861, alisimuliwa na mwenyeji wake, Mkama Rumanyika, jinsi alivyopata utawala. Ndagara, baba yake, alipofariki, wanawe watatu waliwekewa ngoma ndogo mbele yao. Kwa kawaida ilikuwa nyepesi kama unyoya, ila ilikuwa imetiwa dawa, na asiyestahili hakuweza kuibandua chini. Rumanyika aliinyanyua kwa kidole chake kidogo. Kisa hicho mtu anaweza kukiamini au kukikataa, lakini maana yake iko wazi kwa wenye lugha za ukanda huu, ambamo neno engoma ni ngoma na ni utawala pia. Aliyeweza kuiinua ndiye aliyekuwa na haki ya kuipiga, na alipoipiga wengine walinyamaza wakasikiliza. Leo ngoma hiyo iko kwenye mfuko wa kila mtu wa wilaya za Karagwe na Kyerwa, kuanzia Kayanga na Omurushaka hadi Nkwenda na Murongo, na haijatiwa dawa yoyote. Halmashauri ina ukurasa wake mtandaoni, mkuu wa wilaya anao, diwani ana kundi la WhatsApp, na dereva wa bodaboda ana makundi matano. Ikiwa kutangaza hakuhitaji tena mamlaka, mwenye mamlaka amebakiwa na kazi gani katika habari? Jibu ninalolitetea hapa ni kwamba kazi yake haijawahi kuwa kutangaza. Kazi yake ni kurudisha amana, na amana ina masharti yake: hurudishwa kwa mwenyewe, ikiwa kamili, kwa wakati, na mbele ya macho yake ili aihesabu.

Neno amana silitumii kwa kupamba. Waislamu wa Karagwe na Kyerwa wanafundishwa kwamba amana ilitolewa kwa mbingu, ardhi na milima, vyote vikaogopa kuibeba, binadamu akaichukua. Wakristo, Wakatoliki wa Jimbo la Kayanga na Walutheri wa Dayosisi ya Karagwe wakiwemo, wanaijua habari ya wakili atakayeitwa atoe hesabu ya mali isiyo yake. Mafundisho yote mawili yanakubaliana kwamba aliyeshika kitu cha mwenzake hakigeuzi kuwa zawadi anapokirudisha. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inasema jambo lilelile kwa lugha ya sheria. Ibara ya 8 inaweka msingi wa mamlaka yote kwa wananchi, na ibara ya 18 inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 ikaja kuweka utaratibu wa kuziomba. Basi bajeti ya shule ya kata, bei ya kahawa mnadani, matokeo ya vipimo vya ugonjwa na idadi ya mabomba yaliyopangwa kwa kijiji si mali ya ofisi. Ofisi imeshikishwa tu. Mwananchi akiambiwa, hakuna hisani aliyofanyiwa, na asipoambiwa kuna kitu chake kimezuiwa.

Ukizipitia kurasa za halmashauri nyingi nchini kwa kipimo hicho, unaona haraka zinachotoa kwa wingi na zinachotoa kwa uchache. Picha ni nyingi: mheshimiwa akikagua madarasa, mheshimiwa akikata utepe, mheshimiwa akipokea taarifa kutoka kwa mtaalamu aliyevaa kofia ngumu. Maelezo chini ya picha hutaja kiasi kilicholetwa, na mara nyingi hutaja kwanza jina la aliyekileta. Kilicho kichache ni kiasi kilichobaki, kazi iliyochelewa na sababu yake, na mradi ulioahidiwa kijiji fulani ukahamishiwa kingine. Hili halitokani na uovu wa maofisa habari. Linatokana na swali la nani anatarajiwa kusoma. Mkuu wa wilaya huteuliwa na Rais, na mkurugenzi wa halmashauri vilevile. Kazi zao zinapimwa kutoka juu na zinaweza kukoma kutoka juu. Picha ya ukaguzi inayowekwa asubuhi huko Kyerwa inaelekea Bukoba na Dodoma kabla haijaelekea Kaisho au Mabira. Mwananchi anayeiona anaona barua ya mtu mwingine. Amana imebebwa kwa heshima zote, ila imepelekwa nyumba ya pili. Atakayejibu kwamba mteuliwa hana budi kuripoti kwa aliyemteua amesema kweli, na hakuna anayemzuia. Lakini ripoti ya kupanda juu ina njia zake za kiofisi tangu zamani. Ukurasa wa wananchi ukigeuzwa kuwa njia ya pili ya kupandia, wananchi hawabakiwi na njia hata moja ya kushukia.

Uzito wa jambo hili unaonekana vizuri zaidi kwenye kahawa kuliko kwenye madarasa, kwa sababu kwenye kahawa taarifa ni fedha taslimu. Mkulima wa wilaya hizi mbili anaifahamu butura: kuuza kahawa ikiwa bado maua au mbichi mtini, kwa bei ya kutupa, kwa sababu ada ya mtoto au matibabu hayangoji mavuno. Serikali imeipiga marufuku mara kwa mara, nayo haifi, kwa kuwa chanzo chake ni shida. Hata hivyo shida peke yake haielezi yote. Mnunuzi wa butura ana makisio ya bei ya msimu na muuzaji hana, na faida yake inakaa ndani ya pengo hilo. Tangu 2018, kahawa ilipoelekezwa kupita kwenye vyama vya msingi vya ushirika (AMCOS) na chama kikuu cha ushirika cha Karagwe, KDCU, mkulima amekuwa na maswali matatu tu: mnadani imeuzwa bei gani, makato ni yapi, na malipo yaliyobaki yatakuja lini. Maswali hayo yanajibika kwa mistari mitatu isiyohitaji picha hata moja. Mstari wa makato ukichelewa kumfikia, mchuuzi wa magendo humfikia kabla, kwani ng'ambo ya Mto Kagera, mkabala na Murongo, iko Kikagati ya Uganda, na bei ya huko huvuka maji bila pasi ya kusafiria. Ndiyo maana nasema kunyamaza kwa mwenye taarifa si hali ya katikati. Ni kuchagua upande katika biashara ambayo mmoja anajua na mwingine hajui, hata kama aliyenyamaza hakupata senti.

Kutoa habari yenye heri ni kazi rahisi, na hata mtu mwenye kiburi huifurahia. Mlinzi hujulikana kwa habari mbaya. Katika kitabu cha nabii Ezekieli kuna mlinzi aliyewekwa na watu wa mji wake. Akiuona upanga unakuja asipige tarumbeta, damu ya watakaokufa itadaiwa mkononi mwake. Hadaiwi kwa kuuleta upanga, anadaiwa kwa kuunyamazia. Mkoa wa Kagera umepata kuishi mfano huu mara mbili ndani ya miaka miwili. Machi 2023 Wizara ya Afya ilitangaza kwamba vifo vilivyokuwa vikizua maswali Bukoba Vijijini vilisababishwa na virusi vya Marburg. Watu 9 waliugua, 6 wakafariki, na mlipuko ukatangazwa kumalizika mwanzoni mwa Juni. Januari 2025 mambo yalikwenda kwa sauti mbili. Tarehe 14 Shirika la Afya Duniani lilisema kuna wagonjwa wanaoshukiwa kuwa na Marburg Kagera. Wizara ikajibu kwamba sampuli zilizopimwa hazikuonyesha virusi hivyo. Tarehe 20 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa na mkuu wa shirika hilo, akathibitisha kwamba ugonjwa upo Biharamulo. Ulipotangazwa kwisha mwezi Machi, wagonjwa 10 waliothibitishwa na waliodhaniwa walikuwa wote wamefariki. Simtuhumu mtu kwa uongo. Sampuli inaweza kutoa jibu moja leo na nyingine ikatoa jibu tofauti kesho kutwa. Ninachosema ni kwamba "hatujaona" na "hakuna" ni sentensi mbili tofauti, na aliyezoea ukurasa wa sifa husoma ya kwanza kama ya pili. Wilaya za Karagwe na Kyerwa, zenye mabasi ya kila siku na minada ya ng'ombe, zilihitaji kusikia ile ya kwanza kwa maneno yake kamili: tunashuku, tunapima, nanyi fanyeni hivi wakati mkisubiri.

Hapa ndipo hoja ya taharuki huletwa, nayo si hoja ya kudharau. Kiongozi, husemwa, si mwandishi wa habari. Akitamka mapema watu watakimbia, biashara itakufa, mgeni hatakuja kuziona hifadhi za Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa. Lakini taharuki haianzishwi na habari. Huanzishwa na dalili ambazo watu wanaziona bila kuwa na jina la kuzipa. Misiba mitatu ikifuatana kwenye kijiji, kijiji tayari kimejua kuna jambo. Kinachokosekana ni maelezo, na pengo hilo litajazwa na uchawi, na chuki kwa jirani, na sauti iliyorekodiwa na mtu asiyejulikana. Nchi hii iliwahi kulijaribu pengo hilo kwa muda mrefu: tangu mwanzoni mwa Mei 2020 takwimu za UVIKO-19 zilikoma kwa zaidi ya mwaka mmoja. Kimya hicho hakikuwaondolea watu hofu. Kiliwaondolea kipimo cha hofu yao, na serikali ilipoanza kuhamasisha chanjo mwaka 2021 ililazimika kuwashawishi watu ambao haikuwahi kuwaonyesha ukubwa wa tatizo.

Kuna pingamizi la pili, linalotoka kwa wenye kuipenda teknolojia. Wanasema ukurasa mmoja unafika mbali kuliko mbao zote za matangazo za vijiji, na anayelalamika anatamani zamani. Nakubali nusu ya kwanza. Kijana wa Kihanga aliyeko Dar es Salaam anaweza kuijua bajeti ya kijiji chake kabla ya mama yake aliyeko Kihanga, na hiyo ni neema. Lakini sentensi hiyohiyo inaonyesha kasoro yake, kwa sababu shule na zahanati vinavyotajwa kwenye bajeti ni vya mama. Ana simu ya kitochi, anaelewa Kinyambo kwa undani kuliko Kiswahili cha ofisini, na habari humfikia kwa redio au kwa mdomo wa mtu. Redio za jamii za Karagwe, FADECO na Radio Karagwe, zililielewa hilo kabla ya kurasa hizi kuzaliwa. Askofu Benson Bagonza wa Dayosisi ya Karagwe naye ameonyesha, kwa maandishi yake yanayosambaa mitandaoni, kwamba msomaji wa simu hakimbii hoja ndefu ikiwa inamchukulia kama mtu mzima anayeweza kubisha. Wenye ofisi wanaweza kuiga mambo hayo mawili, lugha ya mpokeaji na nafasi ya kubisha, bila kuongezewa bajeti.

Pingamizi la tatu ni la uchungu zaidi: wananchi wenyewe hutukana, huzusha na kusambaza wasichokijua, basi kufunga uwanja wa maoni ni busara. Ni kweli kwamba wajibu hauko upande mmoja. Sura ya al-Hujurat inawaamuru waumini wachunguze habari iliyoletwa na mtu asiyeaminika, wasije wakawadhuru watu kwa kutojua, na anayebonyeza kitufe cha kusambaza amri hiyo inamhusu. Lakini kuchunguza kunahitaji mahali pa kuulizia. Ukiufunga mlango wa maswali kisha ukamlaumu mtu kwa kuamini uvumi, umemnyima jembe na unamlaumu kwa magugu. Zaidi ya hayo, alama ya serikali juu ya ukurasa haitoshi kuthibitisha kitu. Mei 2025 akaunti ya Jeshi la Polisi katika mtandao wa X ilidukuliwa na kurusha uongo mkubwa. Baada ya hapo mtandao huo ukaacha kupatikana kwa kawaida nchini. Tarehe 29 Oktoba mwaka huohuo, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini, na kurasa za viongozi zikanyamaza pamoja na za wazushi. Ngoma ambayo mgeni anaweza kuiiba na ambayo inaweza kukatwa sauti siku inayohitajika kuliko zote haiwezi kuwa ngoma pekee.

Ngoma nyingine ipo, na ipo kisheria. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982 iliweka mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi mtu mzima ni mjumbe wake, na utaratibu wake ni kukutana kila baada ya miezi mitatu na kusomewa mapato na matumizi. Mwenyekiti aliyechaguliwa Novemba 2024 anasimama mbele ya watu wanaomjua kwa ukoo, na mtendaji wa kijiji anasoma tarakimu mbele ya fundi aliyejenga choo kinachotajwa. Humo amana hurudishwa kwa namna yake sahihi, maana mwenye mali yupo na anahesabu. Sipendekezi mkutano uchukue nafasi ya simu. Napendekeza simu iwe mtumwa wa mkutano: kisiwekwe mtandaoni kitu ambacho ofisa hangethubutu kukisoma barazani Nkwenda au Nyaishozi, na maswali yaliyoulizwa barazani yawekwe mtandaoni pamoja na majibu yake, hata lile lililojibiwa kwa "sijui, nitafuatilia". Mwalimu Nyerere aliandika katika Tujisahihishe, mwaka 1962, kwamba ukweli haubagui mkubwa na mdogo. Mkutano wa kijiji ni miongoni mwa mahali pachache ambapo jambo hilo linaweza kuonekana kwa macho, kwa sababu anayeulizwa hawezi kumfuta aliyeuliza.

Kisa cha Rumanyika kinasema dawa ndiyo iliyoifanya ngoma iwe nzito kwa wasiostahili. Ngoma ya leo haina uzito wa kuipiga, na kiongozi anayeshindania wingi wa picha anashindana na vijana watakaomshinda daima. Uzito umehamia kwenye swali la mkulima wa Kituntu anayesimama na karatasi ya mauzo yake mkononi, akataka kujua makato yalikwenda wapi. Anayeweza kulibeba swali hilo, mbele za watu, kwa tarakimu, hadi mkulima aketi kwa kuwa amejibiwa, huyo ameinua kitu ambacho wengine hawawezi kukibandua chini.